Fremu Nne, Seva Moja

Vijana wanaoandika programu Nairobi siku hizi, wakikutana na ukurasa wa wavuti uliogawanywa kwa fremu, huucheka kabla haujamaliza kufunguka. Nembo iko juu kwenye kidirisha chake, menyu kushoto kwenye chake, yaliyomo katikati, na kila kidirisha kinasogezwa peke yake. Mimi siucheki. Fremu ndizo zilizonifunza kazi ya seva, na kwa sisi tulioingia mtandaoni kwa laini ya simu mwishoni mwa miaka ya tisini, zilikuwa na sababu nzuri ya kuwapo.

Sababu yenyewe ilikuwa pesa. Netscape ilipoleta fremu katika toleo la pili la kivinjari chake mwaka 1996, Nairobi ndiyo kwanza ilikuwa inaonja intaneti. Kampuni za mwanzo za kuuza huduma hiyo, Form-Net na Africa Online miongoni mwao, hazikuwa na muda mrefu tangu zifungue milango. Modemu ya kilobiti 33.6 kwa sekunde, laini ikiwa safi kabisa, ilileta takriban kilobaiti nne kila sekunde, na laini zetu hazikuwa safi, hasa mvua ikinyesha. Menyu ya majedwali yaliyopachikwa ndani ya majedwali, kama tulivyokuwa tukiziandika, ilifika kilobaiti 15 bila shida. Hizo ni sekunde nne kila unapobofya. Picha kivinjari kiliweza kuziweka akiba, lakini maandishi ya ukurasa hayakuwa na bahati hiyo, hasa yakiwa yametoka kwenye skripti. Kwa fremu, menyu iliteremshwa mara moja ikakaa, na kilichobadilika ni kidirisha cha katikati tu. Simu ilikuwa inahesabiwa, na saiba, duka la kukodishia intaneti, ilihesabu dakika zake juu ya hizo.

Desemba 1996 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika makala ya kuzishambulia fremu ambayo bado inatajwa. Alikuwa na haki. Anwani iliyo juu ya kivinjari haibadiliki unapotembea ndani ya tovuti, kwa hiyo ukihifadhi ukurasa au ukimtumia mwenzako kiungo, anafikia mlangoni badala ya pale ulipokuwa. Baadaye mashine za kutafuta zilizidisha tatizo: zilimleta mgeni moja kwa moja kwenye kipande cha katikati, kimekaa yatima bila menyu wala nembo. Yote ni kweli. Ila makala ile iliandikwa kwa msomaji ambaye dakika ya simu haimkati, na mtu wa Kangemi au Kawangware aliyekwenda saiba na noti moja mfukoni alikuwa na hesabu nyingine ya kupiga.

Mimi nilikuwa kwenye ofisi ndogo ya watengeneza tovuti, Moi Avenue, ghorofa za juu, ambako kelele za makanga ziliingia dirishani mchana kutwa. Mwaka 2001 nilipewa kazi ya kuurekebisha mfumo wa kampuni moja ya safari za mbugani iliyokuwa Westlands, karibu na Sarit Centre. Mfumo ulikuwa umeandikwa kwa lugha ya PHP 4 na watu wengine waliokwisha kufunga duka. Nilipanda matatu ya 23, tukapita Museum Hill na Chiromo, na kabla sijanywa hata chai niliyokaribishwa nilikuwa nimeketi kando ya dada aliyeandikisha safari za wageni, naangalia kioo cha kompyuta yake.

Ukurasa ulikuwa na fremu nne. Nembo juu, orodha ya safari kushoto, fomu ya kuandikisha katikati, na chini utepe mwembamba wenye jumla ya bei kwa dola. "Keti uone mwenyewe, kaka," aliniambia. "Asubuhi, mgeni wa kwanza inamkataa. Ukimwandika tena, inakubali. Na nikitoka kwenda chakula cha mchana, nikirudi, hebu tazama."

Nikatazama. Muda wake wa kuwa ndani ya mfumo ulikuwa umekwisha, kwa sababu PHP, isipoelekezwa vingine, huhesabu sesheni kuwa imechakaa baada ya sekunde 1,440 za kimya, yaani dakika 24. Alipobofya jina la safari kwenye orodha ya kushoto, seva ilimtaka aingie upya, na ukurasa wa kuingilia ukafunguka palepale kwenye ule utepe wa kushoto. Kisanduku cha nenosiri kilionyesha nukta tatu tu, nyingine zimefichwa ukingoni. Akaandika kwa kukisia, akabonyeza. Mfumo mzima ukafunguka upya ndani ya utepe: nembo ndogo, menyu ndogo, fomu isiyoingia kidole, yote yamebanwa kwenye upana wa kiganja, na kandoni fomu ya zamani bado imekaa na jina la mgeni aliyekuwa akimwandika kabla ya chakula. Kila siku alifunga kivinjari na kuanza upya. Jina la yule mgeni alilinakili kwanza kwenye karatasi.

Tatizo hilo haliko kwenye kivinjari, na hapo ndipo watu wengi walipokuwa wakipotea. Jioni, nikiwa mjini, nilisoma kumbukumbu za seva. Seva yenyewe ilikuwa mashariki ya Marekani, ikitumia saa za huko. Saa moja na dakika 12 asubuhi kwao, ambayo Westlands ilikuwa saa nane na dakika 12 mchana, anwani moja iliomba faili linalopanga fremu. Sekunde chache baadaye, anwani ileile iliomba nembo, orodha, fomu na jumla, karibu kwa pamoja. Mistari mitano kwa mtu mmoja aliyefungua ukurasa mmoja. Na katika mistari hiyo hapakuwa na neno hata moja linaloiambia seva kwamba fomu hii na jumla ile zinatazamwa na macho yaleyale. Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi linafika, linajibiwa, linasahauliwa, na jibu linakwenda kwa fremu iliyouliza tu, kwani seva haina mkono wa kuifikia fremu nyingine.

Dada yule aliona ukurasa mmoja. Seva iliona wageni watano wasiojuana. Kazi ya skripti ya upande wa seva ni kuujua umoja ambao mtumiaji anauona bila kufikiri, na mfumo nilioukuta haukuwa umeandikwa na mtu aliyelifikiria hilo.

Nianze na mgeni wa asubuhi anayekataliwa. Faili lililopanga fremu lilikuwa HTML tupu, halikupita kwenye PHP. Orodha, fomu na jumla ndizo zilizokuwa skripti, na kila moja ilianzisha sesheni. Kivinjari kikifunguka asubuhi hakina kidakuzi, ile alama ambayo seva hukipa kivinjari ili ikitambue tena, kwa hiyo maombi matatu yalifika mikono mitupu, na seva ikayapa kila moja sesheni yake na kidakuzi chake. Kivinjari kilihifadhi kile kilichofika mwisho. Fomu nayo ilikuwa imeandika namba ya safari kwenye sesheni yake yenyewe, ambayo sasa haina wa kuifungua. Mgeni akijazwa na kutumwa, seva inatafuta namba hiyo kwenye sesheni nyingine, haioni, inakataa. Mara ya pili kidakuzi ni kimoja kwa wote, mambo yananyooka.

Dawa ilikuwa kulifanya faili la fremu liwe skripti pia. Linaanzisha sesheni, linatunga namba ya safari, kisha linaandika mpangilio wa fremu na kuiweka namba hiyo kwenye anwani ya kila fremu. Kwa kuwa kivinjari hakiwezi kuziomba fremu kabla hakijausoma mpangilio, kidakuzi kinakuwa kimekwisha kufika, na watoto wote wanarudi kwa jina la mzazi mmoja. Namba iliyo kwenye anwani iliwafaa pia waliokataa vidakuzi. Badiliko lenyewe ni dogo, lakini baada yake simu za malalamiko ya asubuhi zilikoma.

Ukurasa wa kuingilia nao haukuwa mgumu. Skripti yoyote ikigundua kwamba sesheni imekwisha, haitumi tena fomu ya nenosiri. Inatuma ukurasa mdogo wenye amri moja ya kulifungua dirisha zima upya, na fomu ya nenosiri yenyewe inalengwa kwenye _top, dirisha la juu kabisa, isiweze kubanwa utepeni. Tulikwenda hatua moja mbele: yaliyokuwa yamejazwa yakawa yanahifadhiwa kwenye hifadhidata kila sehemu ya fomu inapokamilika, chini ya jina la mfanyakazi, bila kutegemea sesheni. Hili sikuombwa. Nililifanya kwa sababu ya ile karatasi ya majina, na nalihesabu kuwa ndilo jambo la maana kuliko yote niliyoyaacha pale.

Jumla ya bei ilitusumbua zaidi. Ilikuwa nyuma kwa hatua moja daima. Ukiongeza siku ya Maasai Mara, jumla inakaa vilevile. Ukiongeza kitanda, inakuja bei ya ile siku. Walioandika mfumo walikuwa wameelekeza kivinjari kitume fomu na papo hapo kiipakue upya fremu ya chini. Kwenye kompyuta ya mwandishi, iliyo mita mbili kutoka kwenye seva, huenda fomu ilitangulia kila mara. Westlands haikutangulia, maana maombi mawili yalikimbizana angani, na la jumla, likiwa jepesi, lilifika na kujibiwa kabla fomu haijamaliza kuandikwa.

Nilisema angani, na sikutia chumvi. Wakati huo Kenya haikuwa na kebo ya chini ya bahari. SEACOM na TEAMS zilikuja kufika Mombasa mwaka 2009. Data zote za kwenda nje zilipita kwenye satelaiti, na satelaiti za aina hiyo hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda, kushuka na kurudi kwa njia hiyohiyo ni zaidi ya nusu sekunde hata kama hakuna msongamano, na kasi ya mawimbi hakuna anayeweza kuiongeza. Kivinjari kwanza kinafungua muunganisho, safari moja. Kisha kinaomba faili, safari ya pili. Mpangilio wa fremu lazima ufike ndipo fremu ziombwe. Kwa hiyo zaidi ya sekunde mbili zilikwisha kabla herufi moja haijaonekana, hata kama ukurasa ulikuwa mtupu. Fremu ziliokoa baiti, zikalipisha safari.

Hivyo hatukumudu suluhisho la kivivu, la kupakua fremu zote upya kila jambo linapobadilika. Tulichofanya ni kuiachia seva mpangilio wa matukio. Fomu inatumwa. Skripti inaandika kwenye hifadhidata, inapiga hesabu ya jumla, na jibu linalorudi kwenye fremu ya katikati linabeba mstari mmoja wa JavaScript wa kuiandika jumla hiyo kwenye fremu ya chini. Fremu ya chini haiulizi tena chochote. Safari imepungua kwa moja, na jumla haiwezi kutangulia kile inachokijumlisha.

La mwisho lilinichosha, kwa kuwa halikuwa na alama yoyote ya kosa. Meneja alipenda kufungua ripoti ya mwezi mzima, ambayo ilikuwa nzito, na wakati ikiandaliwa kwenye fremu ya katikati, menyu iliganda. Ukibofya, kimya. Aliamini kompyuta yake imezeeka. Nilishuku hifadhidata, nikashuku laini, mpaka nilipoketi na kusoma maelezo ya PHP kuhusu sesheni kwa utulivu. Sesheni inahifadhiwa kwenye faili, na skripti ikiifungua inaitia kufuli mpaka imalize kazi yake yote, ili skripti mbili zisiandike kwa pamoja na kuharibiana. Ni tahadhari ya busara. Lakini ukurasa wa fremu ni maombi kadhaa ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na yote yanataka faili moja. Basi yanapanga foleni. Ripoti ikikaa dakika nzima, menyu inangoja dakika nzima, hata kama yenyewe inahitaji sehemu ndogo tu ya sekunde. Maelezo ya PHP yenyewe yanazitaja fremu kwa jina katika jambo hili, na yanatoa dawa: kuita session_write_close mara tu unapokuwa umesoma na kuandika unachohitaji. Ripoti ikawa inasoma jina la meneja, inaachia kufuli, ndipo inaanza hesabu zake ndefu. Kufuli hizo bado ziko, na hata leo nikiona tovuti ya PHP inayopungua kasi mtu mmoja akifungua madirisha mawili, huko ndiko ninakoanza.

Mteja wetu hakuwa peke yake kuiweka seva Marekani. Nairobi yenyewe ilikuwa na kichekesho kisichochekesha: barua pepe ya kutoka kampuni moja ya intaneti mjini kwenda nyingine, labda ng'ambo ya barabara tu, ilipanda satelaiti, ikaenda ughaibuni, ikarudi. Watoa huduma, chini ya chama chao cha TESPOK, walijenga kituo cha kubadilishana data, KIXP, kikaanza Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kusafirisha data za kimataifa, ilipinga, na tume ya mawasiliano ikaamuru kifungwe kabla ya mwaka kwisha. Kilifunguliwa tena Februari 2002, baada ya kupewa leseni. Mashindano hayo ya watu wazima wenye tai yalikuwa na maana ya moja kwa moja kwa yule dada wa Westlands. Mara data za ndani zilipoanza kubaki ndani, tuliihamishia seva Nairobi, na fomu iliyokuwa ikimngojesha ikaanza kujibu kabla hajaondoa mkono kwenye kipanya.

Fremu zenyewe zilikuwa zinakwisha wakati huohuo. Kasi ilipoongezeka, hesabu ya dakika ilipoteza makali, na PHP iliturahisishia kuweka menyu kwenye faili moja na kuiita ndani ya kila ukurasa, seva ikiunganisha vipande kabla havijaondoka. Viwango vya HTML5 vilivyopitishwa Oktoba 2014 viliiacha kabisa ile fremu ya kugawa dirisha. Kilichobaki ni iframe, kidirisha kinachopachikwa ndani ya ukurasa, nacho kimeenea kila mahali: ramani, video, na hasa kurasa za benki za kulipia kwa kadi. Mwaka 2008 watafiti wa usalama walionyesha jinsi mhalifu anavyoweza kuificha tovuti yako ndani ya fremu isiyoonekana na kukufanya ubofye usichokijua, ndiyo maana leo seva hutuma kichwa cha kukataza kuwekwa ndani ya fremu ya mgeni. Mwaka 2020 Chrome ilianza kuzuia vidakuzi visivyotaja ruhusa katika maombi yanayotoka tovuti nyingine, na maduka mengi ya mtandaoni yakashangaa kuona mteja anarudi kutoka ukurasa wa benki akiwa hajulikani tena.

Tangu iHub ifunguliwe Ngong Road mwaka 2010, upande huo wa magharibi wa jiji, kuanzia Kilimani hadi Lavington, umejaa vijana wa kazi hii. Mmoja wao, binti mwenye akili nyepesi anayeandikia programu duka la samani, aliniita niangalie kisa kilichomkosesha usingizi. Mteja analipa kwa M-Pesa, ukurasa unasema malipo yameshindikana, pesa zimeingia. "Mzee, nimeupitia msimbo wote. Hakuna kosa," aliniambia, na kwa mstari mmoja mmoja hakukuwa na kosa kweli.

Kwenye mfumo wa Daraja, ambao Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu mwaka 2017, seva ya duka inaomba malipo, simu ya mteja inamtaka namba ya siri, na matokeo yanarudi kwa ombi jingine kabisa, linalotoka Safaricom kwenda kwenye seva ya duka. Kivinjari hakihusiki na ombi hilo, wala halibebi kidakuzi chochote. Msimbo aliourithi ulikuwa unaandika matokeo kwenye sesheni, na sesheni iliyofunguliwa na ombi la Safaricom haikuwa ya mteja. Nilimchorea fremu nne kwenye karatasi, nikamweleza kuhusu wale wageni watano, kisha tukachora simu ya mteja kandoni. Aliikamata hoja kabla sijamaliza.

Siku hiyohiyo aliiondoa sesheni kwenye njia ya malipo. Safaricom hurudisha kitambulisho cha ombi, CheckoutRequestID, mara ombi linapopokelewa, na hukitaja tena kwenye matokeo; akakiandika kando ya namba ya agizo kwenye hifadhidata. Matokeo yakifika, skripti inatafuta agizo kwa kitambulisho hicho na kuandika kama limelipwa au la. Ukurasa wa mteja unauliza hapohapo kwenye hifadhidata kila baada ya sekunde chache, na mpaka jibu liandikwe unasema malipo yanasubiriwa, hausemi yameshindikana. Mteja akiufunga ukurasa, au betri ikimwishia, agizo linaendelea bila yeye na risiti inamfikia kwa ujumbe mfupi.